Mbinzo wa Miti ya Arthur

Mume wangu Djuma Lukumani ni mtu wa betri. Ukifika Kabondo, mtaa wetu wa Kisangani, ukauliza Djuma, watakuuliza Djuma yupi, maana tunao wengi. Sema Djuma Betri, hapo hata anayepita na baiskeli atakuonyesha lango letu. Kwa miaka thelathini alikaa nyuma ya nyumba akifungua betri za magari zilizokufa. Alimwaga asidi chini, akatoa zile sahani za ndani, akaziyeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya makala, yaani makaa. Ile risasi ya betri, ambayo sisi tunaiita plomb, aliimimina kwenye vibati mpaka igande. Nyingine ilirudi ndani ya betri, nyingine ilienda kwa wavuvi kuzamishia nyavu. Kazi hiyo ilitulisha, siwezi kuisema vibaya. Nasema hivyo mimi Hadidja, mke wake, ambaye vitu vingine vyote nimezoea kuvisema vibaya.

Djuma ana jibu la kila kitu. Mikono ilipoanza kumtetemeka alisema ni kahawa. Tumbo likamfunga siku nne, akasema ni mihogo. Kuku wangu wakafa mmoja mmoja kando ya ukuta wake wa kazi, akasema ni jicho la majirani. Akikosa jibu anakohoa. Mimi nilicheka, nikamtania, nikaendelea kupika. Leo nikikumbuka kwamba nilicheka, mwili unanisisimka.

Miaka mitatu iliyopita akatufikia Arthur. Ni agronome, mtaalamu wa mimea, na anatoka Yangambi kwenye kituo cha utafiti. Alikuwa anazunguka mitaa akichota udongo mahali watu walipofanyia kazi ya betri. Kwetu alichota vijiko kumi na viwili, kila kijiko na mfuko wake, akaenda zake. Mwezi ulipopita alirudi na karatasi, akakaa kwenye kiti bila kuegemea.

"Papa Djuma," akasema, "udongo yenu iko na plomb mingi sana. Mutoto asicheze hapa. Na weye pia, hii kazi uiache."

"Miye niko hapa miaka makumi tatu," Djuma akajibu. "Uniangalie vizuri. Nimekufa?"

"Uangalie mikono yako, papa."

Mume wangu akaingiza mikono ndani ya mikono ya kanzu, akakohoa. Kazi iliachwa wiki ile ile. Sufuria Arthur aliichukua mwenyewe, akaifunga kwenye mfuko, kwa sababu mimi nilikuwa nimeanza kuipigia hesabu ya kuoshea nguo.

Kisha mashua ikaleta miche sitini ya mti unaokua haraka. Jina lake la kitaalamu lilitushinda, tukaiita miti ya Arthur. Alitueleza kwa subira, maana Djuma alimkatiza kila sentensi. Mti unakunywa maji ya ardhini, alisema, na plomb inapanda pamoja na yale maji, inaingia kwenye mizizi, kwenye shina, kwenye majani. Tukikusanya majani na kuyafunga ndani ya pipa, yeye atakuja kuyachukua. Hivyo udongo utapungua sumu kidogo kidogo, kwa miaka mingi.

"Miaka ngapi?" nikamuuliza.

"Mama Hadidja, mingi. Pengine nyote mutakuwa wazee."

"Sisi tuko wazee tayari. Upande miti yako."

Akatuachia masharti. Tunda lolote lisiliwe. Tawi lolote lisichomwe, wala kwa kuni wala kwa makala. Pondu, yaani mihogo ya majani, na matembele visipandwe katikati. Akazungushia uzio wa mianzi, mlango ukafungwa kwa kufuli, na ufunguo akapewa Djuma. Basi bwana akaipenda ile miti! Kila alfajiri baada ya sala anafunga kitambaa mdomoni, anaingia na ufagio, anaokota majani mpaka la mwisho, anafunika pipa. Nilimwambia, ungenifagilia mimi hivyo tangu tulipooana tungekuwa mbali.

Ndani ya nyumba tulikuwa wanne. Mtoto wetu ni mmoja tu, Nyota, mwalimu wa shule ya msingi, na mume wake yuko kazini Kindu. Nyota ana binti, Leila, wa miaka miwili na nusu. Leila ndiye anayetutawala sote. Anamwita Djuma koko, yaani babu, na mimi pia ananiita koko, kwa hiyo akiita tunakimbia wote wawili. Kwake nilikuwa na hofu tangu alipozaliwa, kwa sababu alizaliwa mdogo. Lakini hofu ile ilikuwa ya kawaida, ya kila bibi. Hii niliyonayo sasa ni nyingine.

Mwaka huu, mwezi wa nane, nilisikia ndani ya uzio kitu kama mvua ndogo, na juu hakukuwa na wingu. Mtu wa huku anaijua sauti ile. Ni mavi ya mbinzo yanayodondoka juu ya majani makavu. Mbinzo ni viwavi wetu, na hakuna nyumba Kisangani isiyowajua. Ukiwasikia hivyo ujue wameshanenepa, siku mbili tatu watateremka wenyewe kwenye shina. Na kweli waliteremka. Jamani! Shina lilikuwa halionekani. Majirani wakaja kwenye mianzi na mabeseni yao, wakiita, "Mama Hadidja, usitusahau!"

Djuma akampigia Arthur simu, akaweka sauti ya wote kusikia.

"Papa, musikule hata moja," Arthur akasema. "Wamekula ile majani. Sijui kama plomb inaingia ndani yao. Unitumie chupa moja nipime, yote mengine uzike."

Uliwahi kuona mtu anazika mbinzo? Mimi sijawahi, na nimezaliwa hapa. Djuma alifukuza majirani, akachimba shimo, akakusanya mabeseni matatu, akayamwaga humo. Akasimama mbele ya nyumba na kutangaza kama mtu wa mairi, yaani ofisi ya meya, "Kwangu mutu asikule hizi mbinzo. Hata moja!" Kisha akaenda bandarini kutafuta mtu wa kupeleka ile chupa Yangambi.

Shimo lilikuwa bado wazi. Nilichota nusu ya beseni.

Acha nieleze, si kujitetea. Leila alikuwa ametoka kwenye malaria, mbavu zinahesabika. Mama yangu alinikuza kwa unga wa mbinzo ndani ya uji, nami nilimkuza Nyota hivyo hivyo. Kwetu mtoto aliyekonda hapewi kitu kingine. Halafu nilijiambia masharti ni tunda, kuni na pondu. Mbinzo si mti, mbinzo ni kitu cha mvua. Na kama sumu iko kwenye majani, mimi ninajua kutoa majani. Niliminya matumbo yao mmoja mmoja mpaka ule uji wa kijani ukatoka wote. Nikaosha maji matatu, nikachemsha na chumvi, nikaanika juu ya bati nyuma ya choo ambako Djuma hafiki. Nikatwanga, nikachekecha, nikajaza kopo la maziwa ya unga, nikalificha katikati ya vitenge vyangu. Nilijiona nina akili kuliko mtu wa Yangambi.

Shule zilipofunguliwa, Nyota akawa anatoka mapema, na Djuma yuko na ufagio wake. Hapo ndipo ninapika uji. Kijiko kimoja cha unga, kila asubuhi. Mimi sikuonja hata kidogo, nilikuwa ninamwekea yeye. Na mashavu yakaja! Nyota akasema, "Mama, unamupa nini huyu mutoto?" Nikajibu, "Mapendo." Tukacheka wote.

Arthur alirudi katikati ya mwezi wa kumi. Alikuwa na furaha, miwani imemteleza puani, karatasi mkononi. Nilikuwa ninachambua mchele kwenye ungo.

"Papa Djuma, inafanya kazi! Majani imejaa plomb. Miti inavuta vizuri kupita vile tulifikiri."

Djuma akapiga makofi. "Nilikuambia hii miti iko na bidii."

"Na zile mbinzo," Arthur akasema, "mulifanya vizuri kuzika. Plomb iliingia ndani kabisa. Kwa nyama yao, si kwa tumbo tu. Kama mutoto angekula kila siku..." Akatikisa kichwa, hakumaliza.

"Kwangu hakuna mutu alionja," Djuma akasema. Akakohoa.

Ungo ulinitoka mikononi. Wote wakageuka. Nikasema ni mkono tu, umekufa ganzi. Niliokota mchele punje kwa punje nikiwa nimeinama, kwa sababu sikutaka waone uso wangu.

Walipotoka kwenda kutazama pipa, nilikimbilia kopo. Lilibaki robo. Nikamimina chooni, nikamwaga maji, nikaosha kopo, nikalitoboa, nikalitupa. Kisha nikasimama mle chooni. Ee Mungu wangu, nimefanya nini? Siku arobaini na zaidi. Kijiko kimoja kila asubuhi, kwa mkono wangu.

Tangu siku ile sikuwa na raha hata dakika moja. Nilimwuliza Arthur kama mtu anayeuliza mambo ya mbali tu, "Hii plomb, inafanya nini kwa mutoto?" Akasema inaweza kuingia kwenye akili. Mtoto anachelewa kusema, anasahau, darasani anabaki nyuma. Tumbo linauma. Na mbaya zaidi, unaweza usione kitu chochote mpaka awe mkubwa. Afadhali asingesema hilo la mwisho. Kila kitu nilianza kukiona.

Leila akianguka, ninasema ndiyo yenyewe. Akilala mchana zaidi ya kawaida, ninaweka sikio kifuani kwake. Akikataa kula, ninakwenda nyuma ya nyumba kulia. Nilianza kumhoji kama mwanafunzi wa mtihani.

"Leila, hii nini?"

"Kuku."

"Na hii?"

"Sandale ya koko."

"Na jana uliniambia hii inaitwaje?"

Akacheza na kidole chake cha mguu. Nikamwuliza tena, nikamwuliza mara ya tatu kwa sauti kubwa, mtoto akaangua kilio. Nyota akatoka ndani. "Mama, kuna nini? Siku hizi unamusumbua sana." Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Badala yake nikasema sufuria inaungua, nikaondoka, na jikoni hakukuwa na moto.

Kwenye sala nilikuwa ninasahau rakaa. Ninasujudu, ninabaki pale chini, ninaomba jambo moja tu, asidhurike, asidhurike, mpaka Djuma ananigusa bega. Yeye pia siku hizo alikuwa kimya. Alikuwa hatanii, hali vizuri, ameacha kumzungusha Leila kwa baiskeli jioni kama kawaida yake. Nilidhani amenishuku. Akinitazama ninatazama pembeni. Watu wawili waliooana miaka thelathini na tano, tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Baada ya wiki tatu Arthur akaleta muuguzi, Mama Orpha, mwanamke mnene wa sauti ya chini, na kimashine kidogo ndani ya sanduku. Alisema anapima damu ya watu wote wanaokaa karibu na miti, tone moja la kidole, na jibu linatoka pale pale. Nilisema Leila ana mafua, wamwache siku nyingine. Mama Orpha akacheka. "Mafua haizuie kidole, mama."

Tukakaa barazani. Arthur akaomba ruhusa, akaenda kwenye miti yake ili tuwe na faragha. Mimi nilipata kumi na moja. Nyota tisa. Djuma thelathini na tisa. Mama Orpha akasema hiyo ya Djuma ni nyingi, lakini ni ya mtu aliyepika plomb maisha yake yote. Atamwandikia aende kwa daktari. Kisha akashika kidole cha Leila. Leila hakulia. Alitazama tone la damu, akasema, "Nyekundu." Nilishukuru kimoyomoyo kwamba rangi anaijua.

Kimashine kikahesabu. Sijawahi kuona kitu kinachohesabu polepole hivyo. Mama Orpha akatazama, akakifuta kwa kitambaa, akatazama tena. Akapima tone la pili. Hakuwa anacheka tena.

"Thelathini na ine," akasema. "Kwa mutoto hatutaki ipite tano."

Nilisikia ufagio wa jirani. Thelathini na nne! Mtoto wa miaka miwili na nusu, damu yake inakaribiana na ya mzee wa betri.

"Mama Nyota iko wapi?" akauliza, akimtafuta mama wa mtoto, maana majina yalikuwa yamemchanganya. Nyota akainua mkono kama yuko darasani, muuguzi akamgeukia. "Mama, plomb kama hii haitoke kwa hewa. Iko kitu anakula. Anaingia kwa ile miti?"

"Hapana. Kuna kufuli."

"Anakula udongo?"

"Sijui... Miye ninashinda shule." Nyota akaanza kulia. "Ni miye. Ni miye ninamuacha. Labda anakula udongo, sijui, sijaona. Nilipaswa kuona."

"Usipojua, siwezi kumusaidia," Mama Orpha akasema. Hakusema kwa ukali. "Hii kitu inashuka kama tunakata mahali inatoka. Anakula vizuri, anakunywa maziwa, tunamupima tena kisha miezi mbili. Kama hatujui inatoka wapi, itapanda. Njo maana leo aondoke kwa hii lupango, kwa hii kiwanja yenu. Na bado nitaogopa kama hiyo kitu inamufuata."

Nyota alikuwa anajipiga kifuani kwa ngumi, taratibu, ngumi moja moja. Mimi ndiye niliyemzaa. Hofu ya kusema ilikuwa kubwa, lakini nilishindwa kumtazama akijipiga kwa kosa langu.

"Nyota, acha," nikasema. "Ni miye. Nilimupikia mbinzo."

"Mbinzo gani?"

"Ya miti. Nilichota kwa shimo. Nilitwanga unga, nilitia kwa uji yake. Kila asubuhi, mpaka siku Arthur alileta karatasi. Niliminya matumbo, nilifikiri... Nilifikiri imetoka."

Nyota alinitazama kama mtu asiyenijua. Sitaki kuuona tena uso ule. Djuma akaruka kutoka kwenye kiti, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Nilisema!" akapiga kelele. Kidole chake kinatetemeka mbele ya pua yangu. "Nilisema mbele ya watu wote! Mutu asikule mbinzo! Nilizika na mikono yangu! Weye mwanamuke, kichwa yako iko ya jiwe? Mbinzo! Ulimupa mutoto mbinzo!"

Nikainamisha kichwa. Alikuwa na haki, angenipiga ningenyamaza. Mama Orpha akasema, "Papa, tulia, papa," lakini hakumsikia. Mate yalikuwa yanamtoka, machozi yanamtoka, na neno ni lile lile, mbinzo, mbinzo.

Leila alikuwa mapajani mwa mama yake, pamba kwenye kidole. Aliposikia lile neno mara nyingi vile, uso ulimchangamka. Akateleza chini. Akavuka baraza kwa miguu yake mifupi, akamfikia Djuma, akashika kanzu yake kwa mkono mmoja. Mkono wa pili akauinua, akauingiza mfukoni mwake, upande wa kulia, mpaka kiwiko. Alipekua bila haraka. Alitoa tasbihi, akaiweka sakafuni. Akapekua tena.

"Koko," akasema, "mbinzo yangu?"

Kidole cha Djuma kilibaki hewani. Nyota alikuwa ameacha kulia, anatazama ule mfuko. Mimi pia niliutazama, na nilielewa ukimya wake wa wiki tatu, na zile safari za baiskeli za jioni, mtoto akirudi na chumvi midomoni. Sumu mbili zikajumlika kichwani mwangu, ya asubuhi na ya jioni, nikashika ukuta.

Djuma alikaa chini sakafuni, maana kiti kilikuwa kimeanguka. Leila akakaa mapajani mwake kama kawaida, bado anangoja.

"Andika na mbinzo yangu, mama. Nilificha zingine kabla ya kuzika," akamwambia muuguzi.

Mama Orpha akachukua kalamu. "Ngapi kwa siku, papa?"

Hakukohoa.

"Zile zote aliniomba, nilimupa," akasema.